Komba hali ugali, jamani

Naomba leo siasa ipumzike kidogo. Nataka tuzungumzie chakula cha komba. Ndiyo, komba, yule mnyama wa usiku mwenye macho kama vifuniko vya chupa, anayelia gizani mpaka mgeni aliyefika Kigoma kwa mara ya kwanza anaamka akidhani kuna mtoto mchanga katelekezwa nyuma ya nyumba. Usicheke kwanza, soma mpaka mwisho, halafu ucheke.

Siku hizi huku mwisho wa reli nawaona vijana wa rika langu, wasomi kabisa, wenye simu nzuri na kazi za mezani, wanafuga komba. Mmoja kamnunua kwa watoto waliomwokota baada ya mti kukatwa. Mwingine kaletewa kama zawadi ndani ya boksi la viatu. Picha inapigwa, komba kakaa begani, macho yamemtoka, na wenzetu walioko Dar wanaanza kuuliza: "Kaka, na mimi nitafutie mmoja basi." Kila nikiuliza anakula nini, majibu hayapishani sana. Ndizi. Mkate na chai ya maziwa. Ugali na mchuzi. Biskuti. Kuna aliyeniambia kwa fahari kabisa kwamba wake anapenda soda ya machungwa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Komba mahali pake ni mtini. Lakini aliyekwisha kuingizwa ndani ya nyumba lazima ale, na hicho anacholishwa sasa hivi kinamuua polepole huku mwenye nyumba akiamini anampenda. Nataka kueleza kwa nini, na nini kifanyike, kwa vitu vinavyopatikana hapahapa Kigoma na Ujiji.

Tuanze na yeye mwenyewe ni nani. Hapa kwetu wako wa aina mbili ambao watu hukutana nao. Kuna komba mkubwa, mwenye mkia mnene wa manyoya, anayefikia kilo moja na zaidi kidogo. Halafu kuna komba mdogo, gramu mia na kitu mpaka mia mbili tu, yule anayeruka kwenda juu zaidi ya mita 2 kwa mruko mmoja. Wote ni ndugu wa mbali wa nyani na sokwe, na wetu sisi pia, wala si jamii ya paka wala panya kama wengi wanavyodhani. Na hawa wawili hawali sawa. Mkubwa anakula sana gundi ya miti na matunda, na wadudu pia. Mdogo ni wadudu na gundi, matunda kwake ni kidogo mno.

Gundi, umesikia vizuri. Ule utomvu unaotoka kwenye magamba ya mgunga na miti mingine ukaganda. Mtazame komba mdomoni siku ukipata nafasi: meno yake ya mbele ya chini yamelala kwenda mbele, yamepangana kama kitana. Kitana hicho kina kazi mbili, kuchana manyoya na kukwangua gundi kwenye gome. Na tumboni ana sehemu ya utumbo ambamo vijidudu huichachusha ile gundi mpaka ageuze kuwa chakula. Sisi binadamu tukiimeza hatupati nacho kitu kikubwa. Mwili mzima wa mnyama huyu, kuanzia meno mpaka utumbo, umejengwa kwa ajili ya kitu ambacho katika nyumba zote nilizopita hakuna hata mmoja aliyewahi kukiweka kwenye sahani yake.

Watu wa pwani wana msemo wao, mlevi kama komba, kwa sababu komba hupanda minazi usiku na kunywa tembo kwenye vibuyu vya wagema. Basi kuna wanaodhani mnyama huyu anakula na kunywa chochote. Mlevi naye ana ini, ndugu zangu.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, nalo ni kalsiamu. Nisamehewe na waliolikimbia somo la kemia, nitakuwa mfupi.

Mwili wa mnyama unahitaji kalsiamu na fosforasi kwa pamoja, na unahitaji kwa uwiano. Wataalamu wa lishe ya wanyama hupendelea kalsiamu ilingane na fosforasi au iwe mara mbili yake. Fosforasi ikizidi sana, mwili unaona damu imepungukiwa kalsiamu, unakwenda kuikopa kwenye mifupa. Unakopa leo, kesho, keshokutwa, na hakuna anayelipa. Mifupa inakuwa laini. Siku moja mnyama anaruka kutoka juu ya kabati kama alivyozoea, mguu unavunjika. Au asubuhi unamkuta anajikokota, miguu ya nyuma haifanyi kazi. Mwenyewe anasema karogwa, au kaanguka, au paka kamtia ukucha. Ukimuuliza alikuwa anakula nini, ndizi.

Ndizi ina fosforasi karibu mara nne ya kalsiamu yake. Wadudu nao, ambao komba anawapenda kufa, wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, kwa sababu hawana mifupa. Sasa porini anasalimikaje? Ile gundi. Gundi ya mgunga imebeba kalsiamu, pamoja na magnesiamu na potasiamu. Panzi analeta protini na fosforasi, gundi inaleta kalsiamu, hesabu inakaa sawa. Sisi tunamchukua mnyama, tunaiondoa gundi, tunawaondoa wadudu, tunamwachia sukari peke yake.

Na hili halijaanzia kwetu. Kuna kanyama ka huko Australia, Indonesia na New Guinea, kanakoteleza hewani kutoka mti mmoja hadi mwingine kwa ngozi iliyounganisha mikono na miguu. Wamarekani wanakaita sugar glider na wanakafuga majumbani kwa wingi. Hana undugu wowote na komba, yeye hubeba mtoto kwenye mfuko kama kangaruu. Lakini maisha yao yanafanana ajabu: wa usiku, wa mtini, mla gundi na wadudu. Na ugonjwa uliowasumbua wafugaji wake ni huohuo, miguu ya nyuma kupooza kwa kukosa kalsiamu. Wenzetu wakalazimika kukaa chini na kutunga mapishi. Maarufu mojawapo ni mchanganyiko wa asali, yai la kuchemsha, nafaka ya uji wa watoto, maji ya vuguvugu na unga wa vitamini na madini, na hata huo peke yake hautoshi, unahitaji wadudu na mboga pembeni. Wanabishana mpaka leo nani ana pishi bora. Angalau wanabishana kuhusu jambo la maana.

Asia nako kuna loris, huyu ni ndugu wa karibu wa komba. Mwaka 2009 ilisambaa video ya loris anatekenywa kwapani, kanyanyua mikono, dunia nzima ikaona kanafurahi. Mnyama yule akiinua mikono anajihami. Watu wakawataka, wawindaji wakawatafuta. Na wale waliookolewa kutoka majumbani wengi wamekutwa na meno yaliyooza na ufizi uliovimba, sababu mojawapo ikiwa matunda matamu badala ya gundi. Kila nikiona picha ya komba wa Gungu kakumbatia kipande cha keki, nakumbuka meno yale.

Lakini kwa nini twende mbali, wakati somo kubwa kabisa la kuwalisha ndizi wanyama wa porini limeandikwa hapahapa, kilomita 16 tu kaskazini ya mji wetu?

Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960. Sokwe walikuwa wakimkimbia. Kisha yule dume aliyempa jina la David Greybeard akaanza kufika kambini kufuata ngazi za mchikichi uliokuwa umeiva pale, akaziona ndizi mezani, akachukua. Huo ukawa mlango. Ndizi zikaanza kutolewa kwa makusudi ili sokwe waje karibu, waweze kutazamwa na kupigwa picha. Walikuja wengi. Na nyani wakaja pia, maana nani atakataa. Ugomvi ukaongezeka, sokwe kwa sokwe, sokwe kwa nyani, mpaka yakatengenezwa masanduku ya ndizi yenye vifuniko vya kufunguliwa kwa mbali ili watu wapange nani apate lini. Mwaka 1966 polio iliwapiga sokwe wale, wengine wakapooza, wengine wakafa. Ugonjwa haukuletwa na ndizi, lakini unapomkusanya mnyama wa porini sehemu moja karibu na watu, unajua unachokikaribisha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndizi zikapunguzwa sana, na mwaka 2000 zikaachwa kabisa.

Kusini huko, Mahale, Wajapani walipita njia hiyohiyo. Toshisada Nishida alianza kazi mwaka 1965, na sokwe wa Kasoje wakazoeshwa kwa miwa. Kulisha kukakoma mwaka 1987. Watafiti wakaendelea kuwafuata kwa miguu, wakiwatazama wanakula vyakula vyao wenyewe.

Goodall alifariki Oktoba 1, 2025, akiwa na miaka 91, na wengi wetu Kigoma tuliandika rambirambi ndefu. Mimi nasema hivi: kama watu waliosomea wanyama, wenye madaktari na madaftari, waliona kwamba mkungu wa ndizi unavuruga msitu mzima, sisi wa Mwanga tunapata wapi uhakika kwamba ndizi moja jioni ndiyo mlo kamili?

Haya, tuje jikoni. Aliye na komba ndani leo usiku afanye nini?

Kwanza saa. Komba anakula giza linapoingia. Kumwamsha saa nne asubuhi ili wageni wamwone akila ni sawa na mtu akuamshe saa nane usiku akupe wali. Chakula kiwekwe magharibi, kitundikwe juu, si sakafuni, na maji safi yawepo wakati wote. Mabaki yatolewe asubuhi kabla ya nzi.

Pili, gundi. Hii ndiyo kazi, na ndiyo wengi wataikwepa. Tafuta mgunga unaovuja, kwangua ile gundi iliyoganda, iliyo safi, isiyo ya kando ya barabara wala ya shamba lililopuliziwa dawa. Iloweke kwenye maji kidogo mpaka ilegee, kisha ipake kwenye kipande cha gogo au ijaze kwenye matundu ya gogo, ili aikwangue kwa yale meno yake. Ukimpa kwenye kijiko anameza tu, meno hayafanyi kazi. Gundi iwepo kila siku. Kwa komba mdogo, gundi na wadudu ndio karibu mlo wote.

Wadudu: panzi, na kumbikumbi wa msimu. Hapa mvua za kwanza zikinyesha kumbikumbi wanajaa kwenye taa mpaka unafagia, kwa hiyo usiniambie hawapatikani. Mende wa ndani usimpe, hujui jirani kapulizia dawa gani. Panzi ukiwapata siku moja kabla, waweke kwenye ndoo na majani mabichi wale washibe, ndipo umpe komba. Anachokula panzi, komba anakipata.

Halafu lile pengo la kalsiamu. Usikimbilie duka la dawa. Chukua maganda ya mayai, yachemshe, yakaushe, yatwange kwenye kinu mpaka yawe unga laini kama poda. Ganda la yai ni kalsiamu karibu tupu, fosforasi humo ni kidogo sana. Chukua panzi, mnyunyizie ule unga kidogo, kama unavyonyunyiza chumvi kwenye embe bichi, usimzike. Yai lenyewe nalo ni chakula: kipande kidogo cha yai la kuchemsha mara mbili au tatu kwa wiki, na kiini kina vitamini D, ambayo bila hiyo kalsiamu inapita tu.

Na dagaa. Hapa ndipo Kigoma tunapowazidi wafugaji wa dunia nzima. Dagaa wetu huliwa mzima, kichwa na mifupa, na mifupa ndiyo kalsiamu. Dagaa wachache wakavu wasio na chumvi, waoshe wasiwe na mchanga, waponde, changanya na lile yai. Porini komba havui dagaa, najua, mtanisahihisha. Lakini porini pia hakai juu ya kabati la vyombo. Ukimnyima vyake, tafuta vinavyokaribiana.

Matunda yaje mwisho, na kwa huyu mkubwa zaidi. Papai ni bora kuliko ndizi mara nyingi, kwa sababu kalsiamu yake inaizidi fosforasi. Tini za mkuyu ukizipata, mpe. Embe kidogo msimu ukifika, na Ujiji tuna miembe ya kutosha. Ndizi iwe kama pipi, kipande, si mlo. Mboga za majani, sukuma wiki ni nzuri. Mchicha una kalsiamu nyingi ukiusoma kwenye jedwali, lakini una kitu kinaifunga ile kalsiamu isifyonzwe, hivyo usiutegemee.

Visivyotakiwa: chipsi, soda, biskuti, chokoleti, vitunguu, parachichi, pombe ya aina yoyote, na huo ugali. Ugali haumdhuru kwa siku moja. Unamjaza tumbo asile vya maana, siku baada ya siku.

Kuhusu kichanga aliyeokotwa sina maneno mengi. Kwanza mara nyingi hajaachwa. Mama komba huwaficha watoto kwenye matawi akaenda kutafuta chakula, kisha huwarudia na kuwabeba kwa mdomo. Ukimwona peke yake, mwache palepale uangalie mpaka usiku. Kama kweli mama amekufa, maziwa mabichi ya ng'ombe yatamharisha. Wanaolea yatima wa namna hii hutumia maziwa ya unga ya watoto wachanga, ya vuguvugu, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache usiku na mchana. Nani kati yenu mwenye kazi ya kuajiriwa ataweza?

Nilipokuwa natafuta dagaa wa kufanyia mfano wa haya ninayoandika, nilikwenda mwaloni Kibirizi asubuhi. Mama mmoja, mtu mzima, nikamwamkia, nikamwomba anipimie kidogo tu wasio na chumvi, kuna kijana wa Ujiji ana komba mgonjwa wa miguu. Akanitazama muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "watoto wa watu wanakunywa uji mtupu, wewe unamnunulia komba kitoweo?"

Sikumbishia. Hoja yake ni nzito, na najua wapo wasomaji walioanza kuniuliza hivyo tangu aya ya kwanza. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini walikutwa wamedumaa. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wazaliane, dagaa ikawa kitu cha kuhesabu.

Lakini hebu tazama. Kijana yule wa Ujiji hakumnyima mtoto yeyote chakula. Anampa komba mkate wa kununua, biskuti za kununua, soda ya kununua. Kwa mwezi hiyo ni pesa nyingi kuliko gundi ya bure, panzi wa bure, maganda ya mayai yanayotupwa na dagaa watano. Kinachomponza ni dhana kwamba aliyeshiba amelishwa, na dhana hiyo ndiyo iliyo kwenye bakuli la uji wa sembe asilolitia mtu dagaa wa kusaga wala karanga, wakati dagaa wanaanikwa mlangoni. Nilipomwambia mama yule hivyo, alicheka, akasema binti yake naye anawatoa dagaa vichwa na mifupa kabla ya kumpikia mjukuu, eti asikwamwe. "Namwambia wasage, hasikii. Labda wewe wa gazeti atakusikia." Akanipimia. Pesa akachukua, na nyongeza hakunipa.

Sasa lile ambalo wafugaji hawapendi nilitaje. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 haikuruhusu kukamata wala kuweka mnyamapori nyumbani bila kibali. Komba ni mnyamapori, hata kama analala kwenye kofia yako. Na kimataifa, jamii yote ya nyani, sokwe na komba imo kwenye orodha za mkataba wa CITES, kwa hiyo ndoto ya kumsafirisha kwa rafiki aliyeko Ulaya iache ilale. Aliye na komba aende kwa afisa wanyamapori wa wilaya, au TAWA, aseme ukweli. Naelewa woga wa watu. Kijana wa Ujiji aliniambia: "Kaka, nikienda si watanifunga mimi badala ya kunisaidia?" Na hapa nawageukia wenye ofisi: kama mtu akija na mnyama mkononi kwa hiari anapokelewa kama jangili, wengine wote watamficha chini ya kitanda na kumpa mkate. Pawepo mlango ambao mtu anaweza kuupita mchana, akamkabidhi mnyama na kurudi nyumbani kwake. Tangazo la redio la dakika moja lingetosha.

Wapo watakaoniambia kwamba kwa kuandika mapishi nawafundisha watu kufuga. Nimelifikiria. Naona kinyume chake. Anayetaka komba kwa ajili ya picha, akisoma kwamba atatakiwa kukwangua gundi porini, kukamata panzi, kutwanga maganda ya mayai, kukaa macho usiku, tena kwa zaidi ya miaka 10 maana komba aliyetunzwa vizuri huishi muda huo na kuzidi, na juu ya hayo mnyama mwenyewe hujipaka mkojo viganjani na miguuni kisha akatembea juu ya makochi yako, hamu itamwisha kabla ya aya ya tatu. Na ambaye hamu haitamwisha, angalau atajua anabeba nini.

Komba wa Ujiji nilimwona tena Jumapili, na daktari wa mifugo alikuwa ameshamtazama. Mguu mmoja wa nyuma umeanza kushika, mwingine bado. Kijana kampigilia gogo la mgunga ukutani, kalipaka gundi, na mnyama alikuwa analikwangua kwa sauti ndogo kama panya kwenye gunia. Kuhusu kwenda kwa afisa wanyamapori ameniambia wiki ijayo, na nimemwahidi tutakwenda wote.